Motokaa ya Viti Viwili

Ndugu zetu wa nyumbani wametuuliza mara nyingi, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo, kwa sababu gani sisi, mume na mke, walimu wa shule tusio na mali, twaweka motokaa ya viti viwili isiyo na paa la bati, iliyotengenezwa mwaka 1966. Swali hili ni la haki. Mjomba wetu wa Muheza alipokuja kututazama huku Uingereza mwaka 2016, aliizunguka mara mbili, akainama akatazama chini yake, kisha akauliza, "Wanangu, watoto huketi wapi? Na gunia la mahindi hutiwa wapi?" Tukamjibu, "Mjomba, watoto wamekwisha kukua, na mahali pa gunia hapana." Akasema, "Basi hiki ni kiatu, si gari." Tulicheka, lakini neno lake halikututoka moyoni, na leo twapenda kumjibu yeye pamoja na wengine wote wenye shaka kama yake.

Kwanza yafaa tueleze ni motokaa ya namna gani. Jina lake ni MGB. Herufi mbili za kwanza zatokana na Morris Garages, iliyokuwa karakana na duka la William Morris katika mji wa Oxford. Tangu mwaka 1922 msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Cecil Kimber, naye aliona kwamba motokaa za Morris, zilizokuwa imara na za bei ya kadiri, zaweza kuvikwa bodi nyepesi iliyo nzuri zaidi, zikauzwa kwa vijana wapendao mwendo lakini wasio matajiri. Mwaka 1929 kazi ilihamia Abingdon, mji mdogo kando ya mto Thames, maili chache kusini ya Oxford, ikakaa huko hata mwaka 1980. MGB ilitokea mwaka 1962, na kabla ya kiwanda kufungwa zilitengenezwa zaidi ya 500,000, nyingi zikapelekwa Marekani kwa meli. Kwa hiyo asije mtu akadhani ni kitu cha wafalme. Wenye kuinunua walikuwa makarani, wauguzi, askari vijana, na walimu kama sisi.

Urefu wake ni futi 12 na inchi 9. Injini ina silinda nne, ujazo wake sentimita za ujazo 1,798, na nguvu zake ni za farasi 95. Mwendo wake wa mwisho hupita maili 100 kwa saa kwa kidogo tu, wala sisi hatujaujaribu, maana sheria ya hapa haimruhusu mtu kupita maili 70 hata katika barabara zilizo kubwa kuliko zote. Tena motokaa ndogo ya siku hizi, ile ya kwenda sokoni, yaweza kuipita mlimani bila kutoa jasho. Basi msomaji asitafute sababu yetu katika mwendo, haimo humo.

Tuliipata kwa jirani. Tulipohamia mji huu mwaka 2008 tulikaa miaka mingi bila kujuana na watu wa njia yetu, illa kwa kutikisa kichwa. Nyumba ya tatu kutoka yetu alikaa mzee mmoja, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa hapendi. Aliingia kiwanda cha Abingdon akiwa kijana mdogo, akafanya kazi humo hata mwisho. Ametusimulia jinsi mji ulivyosherehekea miaka 50 ya MG mnamo Septemba 1979, watu wakijaa njiani kutazama motokaa mpya na za kale zikipita, na jinsi sherehe zilipokuwa zimekwisha tu, Jumatatu yake wakaambiwa kazini kwamba kiwanda kitafungwa. Alisema kwamba mabendera yalikuwa hayajateremshwa. Mwaka uliofuata motokaa ya mwisho ilitoka mlangoni, naye akaenda kutafuta kazi nyingine.

Motokaa yake aliinunua kwa mtu mwingine mwaka 1973, akaitunza miaka 41. Macho yake yalipoanza kufifia mwaka 2014, alituita akasema atatuuzia kwa bei ndogo kuliko ya soko, lakini kwa masharti matatu. La kwanza, iendeshwe, isifunikwe ikaachwa, maana alisema chombo kisimamacho huanza kufa siku hiyo hiyo. La pili, wakati wa baridi, chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu ioshwe chini ya bodi kila mara baada ya safari. La tatu, kazi yake tujifunze wenyewe kwake, wala tusiipeleke kwa fundi mpaka tumekwisha kushindwa mbele yake. Tulikubali yote matatu, ijapokuwa wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyejua kufungua plagi.

Sasa tuseme habari ya kuiwasha, maana wanaozoea motokaa za siku hizi hubonyeza kifungo kimoja wakaenda zao. Hii yetu haiamki hivyo. Ukizungusha ufunguo mara ya kwanza, injini hainguruma. Husikika tu kugonga nyuma upande wa kulia, tik-tik-tik, kama kuku adonoaye bati. Hiyo ni pampu ya petroli inayotumia umeme. Hudonoa upesi, kisha polepole, kisha hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo habari kwamba kabureta zote mbili zimekwisha kujaa. Mtu mwenye haraka asiyengoja kimya kile hupata taabu. Baada ya hayo huvuta kifungo cha choki, ambacho huzidisha petroli kuliko hewa kwa sababu injini ni baridi, halafu huzungusha ufunguo hata mwisho. Injini hukohoa, hushika, huyumba kidogo kama mtu aliyeamshwa usiku. Nawe hutazama mshale wa kipimo cha oili ukipanda, na usipopanda huzima mara moja. Dakika mbili tatu hupita, choki hurudishwa ndani kidogo kidogo, na mngurumo hushuka ukawa sauti nene iliyotulia. Asubuhi ya baridi jambo hili lote huchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, nasi mara nyingi hukinywa pale pale tumesimama.

Gia ni nne. Katika gia ya pili, ya tatu na ya nne mna pete ya shaba ambayo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa magurudumu ya meno kabla hayajakutana, ili yashikane bila ugomvi. Gia ya kwanza haina pete hiyo. Ilikuja kuwekwa katika motokaa za mwaka uliofuata. Kwa hiyo, ukikaribia njia panda, huna budi kusimama kabisa kabla ya kuiingiza, au kufanya kama walivyofanya madereva wa malori ya zamani kwetu: kukanyaga klachi, kutoa gia, kuachia klachi, kugusa petroli kidogo, kukanyaga tena, ndipo kuingiza. Ukipima vema, mkono huingia kama ufunguo katika kufuli lake. Usipopima, watu wote wa njia panda hujua. Mmoja wetu aliijua kazi hii kwa wiki moja. Mwingine ilimchukua miezi minne, naye leo ndiye aifanyaye vizuri zaidi.

Katika mwezi wa Mei, mvua ikiwa haitishi, huteremsha turubai, tukafuata barabara ndogo itokayo Wantage kwenda Ashbury chini ya vilima vya chaki. Juu ya barabara hiyo yuko Farasi Mweupe wa Uffington, ambaye watu wa kale walimchora kwa kuchimba majani na kujaza chaki, miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Naye asipopaliliwa na kujazwa chaki mpya, nyasi humfunika akapotea, hivyo watu hupanda kila mara kumtengeneza. Barabara yenyewe haina mahali palipo nyoka. Hupinda, hushuka, huingia chini ya miti, hutokea tena juani. Kwa kuwa kiti ki karibu na ardhi, na kioo cha mbele ni kifupi, maili 40 kwa saa huonekana kama 70, nasi twapata furaha yote bila kuvunja sheria yo yote. Tena hewa yote huingia. Katika motokaa iliyofungwa mtu hupita nchi kama apitavyo mbele ya picha ukutani. Lakini sisi twajua ni shamba lipi limetiwa samadi leo, ni wapi majani yamekatwa, na ni mahali gani bondeni baridi imejificha tangu usiku. Ukipita chini ya daraja la reli, sauti ya injini hurudi kutoka ukutani ikakupiga mgongoni. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi, hucheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Hata hivyo, tukipima kwa haki, furaha iliyo kubwa kuliko ya barabarani ni ya chini ya mwembe. Twasema mwembe kwa mazoea tu. Huku ni kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Wasomaji wetu wa pwani wamewaona wenye majahazi wakivuta vyombo vyao mchangani, wakitia kalafati na kupaka sifa, na kuimba, na kugombana, na kula pamoja. Mtu asiyejua hudhani kazi hiyo ni hasara ya kumiliki jahazi, kumbe kwa wengi ni nusu ya raha yake. Ndivyo ilivyo kwetu.

Mzee alianza kutufundisha kwa valvu. Zipo nane, mbili kwa kila silinda, na kati ya kila valvu na mkono unaoisukuma lazima iwepo nafasi ndogo, sehemu 15 katika sehemu elfu moja za inchi, ipimwayo kwa kibamba chembamba cha chuma. Nafasi ikipungua, valvu haifungi, nayo huungua. Ikizidi, hugonga kama cherehani. Lakini haipimwi ila valvu hiyo ikiwa imefungwa kabisa, na utajuaje? Mzee akatwambia, "Ninyi si walimu? Jumlisheni mpate tisa." Yaani, valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, pima ya kwanza; ya saba ikifunguka, pima ya pili; ya sita, pima ya tatu; na kuendelea hivyo hivyo, kila mara hesabu hizo mbili zikijumlishwa zipate tisa. Mmoja wetu amefundisha hesabu miaka zaidi ya 20, wala hajapata kuona hesabu ya darasa la kwanza ikifanya kazi kubwa namna ile. Siku ya pili yake aliipeleka shuleni, akaichora ubaoni, na watoto waliokuwa wakilala nyuma wakainua vichwa.

Baadaye zikaja kabureta. Ziko mbili, na kila moja hulisha silinda mbili. Zisipovuta hewa sawasawa, injini huenda kama ng'ombe wawili wa plau ambao mmoja ni mvivu. Mafundi wa leo wana vyombo vya umeme vya kupimia. Mzee ana kipande cha mpira. Huweka ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, kama daktari asikilizavyo kifua, akasikiliza mvumo wa hewa. Kisha huenda kwa ya pili. Kisha hugeuza parafujo kidogo, chini ya robo mzunguko, hata mivumo yote miwili iwe mmoja. Halafu huinua kijiti kidogo kilicho chini ya kabureta na kutega sikio. Injini ikizidi mwendo na kuendelea kuzidi, petroli ni nyingi mno; ikianguka na kutaka kuzima, petroli haitoshi; ikipanda kidogo na kutulia, ni sawa. Mwisho hufungua plagi akatazama rangi yake. Nyeusi yenye masizi ni ishara ya petroli nyingi, nyeupe ni ishara ya upungufu, na rangi ya biskuti ndiyo itakiwayo. Hakuna jambo hapa lililofichwa. Mtu mwenye masikio, macho na subira aweza kujua sababu ya kila kitu.

Twaona jambo hili ni la thamani kwa sababu vyombo vingi tulivyo navyo nyumbani hatuvijui. Simu ikifa, hutupwa ikanunuliwa nyingine. Motokaa yetu ya kila siku, ile itupelekayo kazini, ina taa ya manjano ambayo huwaka wakati wake ipendapo, nasi hatuna la kufanya ila kulipa. Twaitumia, lakini hatuthubutu kusema twaifahamu. Motokaa ya 1966 tumeishika yote kwa mikono, na ikigoma njiani, aghalabu twajua la kutazama kabla hatujafungua boneti.

Tena kuna jambo la salamu, ambalo kwa watu wa kwetu si dogo. Nchi hii ina watu wema wengi, lakini wema wao umefungiwa ndani. Mtu aweza kupita mlangoni pako miaka kumi asiseme neno. Basi tangu tulipopata chombo hiki, ni kana kwamba ukuta umetobolewa dirisha. Mwenye MG akikutana na mwenziwe barabarani huinua mkono, hata kama hawajuani. Tukienda kununua petroli, kazi ya dakika tano huchukua nusu saa, maana mzee mmoja huja akasema baba yake alikuwa nayo nyekundu, na mwingine huuliza mwaka wake, na kijana huuliza ni ya umeme au ya petroli. Bibi mmoja mzee aliomba kushika usukani tu. Usukani huo ni mkubwa na mwembamba, wenye nyuzi za chuma mahali pa mikono ya kawaida. Aliushika, akatwambia kwamba aliondoka kanisani siku ya arusi yake katika motokaa kama ile, na kwamba mumewe alikufa mwaka jana. Tulizungumza naye hata mwenye duka akatutaka tusogee. Tungekutana naye kwa njia gani nyingine, sisi wageni kutoka Muheza?

Gharama hatutazificha. Kodi ya barabara haitozwi kwa motokaa zilizopita miaka 40, na tangu mwaka 2018 nyingi za namna hiyo zimesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Lakini sisi huipeleka kukaguliwa hivyo hivyo, kwa kuwa breki hazijui habari ya msamaha. Petroli yenye risasi ilikwisha kuuzwa kwa watu wote mwanzoni mwa mwaka 2000, kwa hiyo viti vya valvu vilibadilishwa vikatiwa vya chuma kigumu zaidi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida imechanganywa na kileo hata sehemu 10 katika 100, nacho huharibu mipira na mabomba ya vyombo vya kale, hivyo hununua ile ya bei ya juu yenye kileo kidogo. Kuna na moshi. Wanafunzi wetu wametuuliza juu ya moshi bila kutuonea haya, nao wana haki, maana hewa tunayoichafua sisi ndiyo watakayorithi wao. Jibu letu ni kwamba twaiendesha maili zisizozidi 1,500 kwa mwaka, na kazini twaenda kwa motokaa nyingine au kwa miguu. Wako wasioridhika na jibu hilo, nasi hatuwalaumu.

Lakini shida iliyotaka kutushinda ilikuwa ya kutu. MGB haina fremu ya chuma chini yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na nguvu yake kubwa imo katika mbavu mbili zipitazo chini ya milango. Mbavu hizo ni mabati yaliyopangwa moja ndani ya jingine, na mvua na chumvi za miaka 50 huingia katikati yake zikala polepole, rangi ya nje iking'aa. Mnamo Oktoba 2017, tulipoinua motokaa kwa jeki, mlango wa kushoto ulikataa kufunguka. Mzee alipopapasa pengo la mlango kwa kidole, hakusema neno. Karakana moja ilitutajia bei ya kutengeneza ambayo ilikuwa sawa na mshahara wa miezi mitatu wa mmoja wetu. Wiki iyo hiyo, mtu mmoja wa mbali alipata habari akatuma ujumbe kwamba ataichukua hivyo ilivyo, na bei aliyotoa ilikuwa nzuri.

Wakati huo huo barua ilikuja kutoka nyumbani. Paa la nyumba ya mama lilikuwa limeoza, maji yaingia chumbani kwake, na masika yalibakiza miezi mitano. Bei ya mnunuzi ingetosha kuezeka nyumba yote na kubaki.

Hatujapata kubishana namna ile tangu tuoane. Mmoja wetu alisema, "Mama analala chini ya mvua, nasi huku twalitandikia gari turubai." Neno hilo halina jibu, na mwenzake hakulijibu siku tatu. Siku ya nne alisema kwamba paa ni deni letu na lazima lilipwe kwa mishahara yetu, kwa jasho, si kwa kuuza kitu ambacho mzee alitukabidhi kwa masharti. Naye ataacha kila anasa, na motokaa haitapata hata senti moja mpaka bati la mwisho lipigwe msumari Muheza. Wa kwanza akasema, "Na ikioza kabla?" Wa pili akasema, "Itaoza." Tukaandika bei ya mabati, mbao na misumari katika karatasi, tukaibandika ukutani jikoni. Wasomaji wasituulize ni yupi alisema lipi.

Paa lilikwisha Februari 2018, siku chache kabla ya mvua. Mjomba ndiye aliyesimamia mafundi, akatuletea picha. Muda huo motokaa ilisimama juu ya stendi za chuma, bila magurudumu, na mnunuzi alikwisha kupata nyingine. Halafu mmoja wetu alijiandikisha katika darasa la jioni la kuchomelea vyuma, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa (na hapa siri yetu moja imetoka), akajifunza mwaka mzima kwa vipande vya bati chakavu. Mabati ya mbavu hupatikana mapya hata leo. Kampuni iitwayo British Motor Heritage ilianza mwaka 1988 kutengeneza tena bodi nzima za MGB kwa mitambo ile ile ya kale, na vipande vyake huuzwa moja moja. Tukakata palipooza, ubavu mmoja kwanza, kisha wa pili, tukitegemeza milango kwa vyuma ili bodi isije ikapinda katikati. Kila Jumamosi mzee alikuja akaketi juu ya kigoda. Wakati huo alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga na kivuli, lakini alitujua kwa sauti ya moto: ukiwa mkali mno alisema, "Mnatoboa," nasi tukitazama twaona kweli tumetoboa.

Ilirudi barabarani Mei 2019. Mzee alikaa kiti cha kushoto, mmoja wetu akaendesha, na wa pili akabaki mlangoni kwa kuwa viti ni viwili. Walikwenda hata chini ya Farasi Mweupe wakarudi. Walipofika, mzee alikuwa bado ameinamisha kichwa upande wa injini. Akasema, "Ile ya nyuma ina njaa." Tukainua kijiti cha kabureta ya nyuma, na injini ikaanguka ikataka kuzima, kama alivyosema. Tukageuza parafujo kidogo. Akasema, "Basi, hapo hapo."

Sasa amepita miaka 80 na kitu, hatoki sana. Tukitaka kumwamkia, huileta motokaa mbele ya dirisha lake tukaiacha ikinguruma dakika chache, naye hufungua kioo. Juma lililopita alimtuma mjukuu wake atwambie kwamba valvu moja yagonga, naye adhani ni ya tano. Gasketi ya kifuniko tumekwisha kuinunua, na Jumamosi asubuhi, mvua isiponyesha, tutafungua tupime, tukianza na ile ya nne ikiwa imefunguka.